Bili ya maji 186,400 na LUKU ya kuchangia: nani alipe nini kwenye nyumba ya kaya tano?

“Nimepanga chumba kimoja Makorora, Tanga, mimi na wanangu wawili. Niliingia mwezi wa tatu kwa kodi ya miezi sita. Nyumba ina vyumba sita, kaya tano, watu 14 kwa jumla, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja na bomba moja uani. Kila kaya inatoa 20,000 ya umeme na 8,000 ya maji kwa mwezi, anakusanya mtoto wa mwenye nyumba. Mimi nina taa mbili, tivii, feni na pasi. Jirani wa vyumba viwili ana friza, anauza barafu na juisi, naye anatoa 20,000 hiyo hiyo. Umeme unaisha tarehe 22 au 23, tunaambiwa tuongeze. Sasa imekuja bili ya maji ya 186,400. Nimeipiga picha: usomaji uliopita 1,412, wa sasa 1,450, bili ya mwezi 65,000, deni la nyuma 121,400. Huko nyuma tulikuwa tunatumia uniti 23 au 24. Tumeambiwa kila kaya itoe 37,280, la sivyo tunakatiwa umeme. Wenzangu wengine wanasema mita inasoma upepo, wengine wanasema tusilipe, tukate kwenye kodi. Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, sitaki kumkosea adabu, ila pesa yangu ni ya kuuza vitumbua. Je, nilipe? Wanaweza kutukatia umeme? Naweza kudai LUKU yangu peke yangu?”

Dada, pole. La haraka kwanza: usitoe hiyo 37,280 leo, wala usiseme hutoi. Sema, “Sehemu yangu nitalipa, naomba tuione kwanza.” Karatasi uliyopiga picha imechanganya mambo matatu yasiyo na mlipaji mmoja: deni la zamani, maji mliyotumia na, kwa namba ulizoandika, maji yaliyovuja. Mkigawa kwa tano yakiwa bado yamechanganyika, anayeumia ni mwenye matumizi madogo.

Tuanze na ile 121,400. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, hawakujui wewe wala jirani yako. Wanaijua akaunti, na akaunti ina jina la mwenye nyumba. Deni linaganda kwenye akaunti hata wapangaji wahame mara kumi, ndiyo maana mamlaka inaweza kufunga maji ya nyumba nzima kwa sababu ya mtu aliyehama mwaka juzi, na ndiyo maana wapangaji wengi huamini deni hilo limeshakuwa lao. Halijawa. Kufungiwa maji ni jambo la mamlaka na mteja wake. Nani kati yenu atoe pesa ni jambo la makubaliano yenu ya upangaji, na huwezi kurithi maji aliyooga mtu usiyemjua, isipokuwa kama siku ya kuingia ulikubali kuyabeba.

Lakini na ninyi msikimbilie kusema deni lote si lenu. Tangu mwezi wa tatu hadi wa saba kaya tano mmetoa 40,000 kila mwezi, jumla 200,000. Swali la maana ni moja: pesa hiyo ilifika? Jibu limo kwenye taarifa ya akaunti, ambayo ofisi ya mamlaka ya maji huitoa kwa namba ya akaunti iliyo juu ya bili. Nenda na nakala ya bili, na itakuwa rahisi zaidi mkienda na bibi mwenyewe au na kijikaratasi chake cha kukutuma, maana yeye ndiye mteja. Omba kuanzia mwezi wa pili hadi sasa. Utaona bili ya kila mwezi, malipo yaliyoingia na salio.

Angalia salio la mwisho wa mwezi wa pili. Kama tayari lilikuwa laki moja na ushee, deni ni la kabla yako, limalizwe na mwenye nyumba. Kama lilikuwa sifuri na tangu hapo malipo hayaonekani, basi pesa yenu imesimama njiani, na hamdaiwi mara ya pili. Kuna hali ya tatu ambayo watu huisahau: malipo yanaonekana yote, ila bili zilikuwa kubwa kuliko mchango. Bili ikija 47,000 na ninyi mnatoa 40,000, kila mwezi 7,000 inabaki, na kwa miezi mitano ni 35,000 ambayo kwa haki ni yenu. Ndiyo sababu nakuomba usimtaje mtu kuwa kala pesa kabla karatasi haijakaa mezani. Mtoto wa bibi anaweza kuwa na kosa, au anaweza kuwa amekusanya pungufu tu bila kujua kuhesabu.

Sasa ile 65,000 ya mwezi huu. Toa 1,412 kwenye 1,450, unapata uniti 38. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Uniti 38 ni ndoo 1,900 kwa mwezi, kama 63 kwa siku. Uniti 24 za zamani zilikuwa ndoo 40 kwa siku kwa watu 14, sawa na ndoo tatu kasoro kwa kila mtu: kuoga, kupika, kufua. Hiyo inaingia akilini. Nyongeza ya ndoo 23 kila siku, bila mgeni wala harusi, haiingii. Jirani wa juisi angekuwa anaziteka mngemwona, foleni ya bombani ingekuwa gumzo la uani.

Upepo je? Ni kweli kwamba maji yakikatika kisha yakarudi, hewa iliyojaa bombani inasukumwa mbele na inaweza kuizungusha mita kwa muda mfupi. Lakini inakuwa wakati maji yanaporudi tu, na ni kwa lita chache. Ili kufikisha uniti 14 za nyongeza, upepo ungepaswa kupita usiku na mchana. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu mita, tafuta uvujaji, na mtihani wake hauna gharama.

Usiku saa nne, watu wakishachota, fungeni koki zote na mpige picha uso wa mita. Namba nyeusi ni uniti, nyekundu ni vipande vya uniti. Mita nyingi za majumbani zina nyekundu tatu, hizo ni lita. Katikati ya uso kuna kinyota au kipembetatu kidogo ambacho huzunguka hata kwa mchirizi mwembamba. Kikizunguka na koki zote zimefungwa, maji yanakwenda mahali. Pigeni picha nyingine saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Tuseme namba nyekundu zimesogea lita 140. Ni saa saba, kwa hiyo lita 20 kwa saa, lita 480 kwa siku, uniti 14 na kitu kwa mwezi. Hapo mtakuwa mmeikamata nyongeza yenu yote, bila kugombana na mtu.

Maji huvujia sehemu zile zile kila nyumba. Kama choo kina tangi la kuvuta, tia bluu ya kufulia ndani ya tangi, msivute kwa dakika 20. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka. Kama kuna simtanki, tazama boya: usiku watu wakilala presha hupanda, boya bovu halifungi, maji yanamwagika kwa bomba la ziada nyuma ya nyumba mpaka asubuhi na hakuna anayeyaona. Koki inayodondoka ipime kwa kikombe cha robo lita. Ikikijaza kwa dakika tano, ni lita 72 kwa siku, zaidi ya uniti mbili kwa mwezi kwa koki moja. Kibaya zaidi ni bomba lililochimbiwa. Hewa ya chumvi ya pwani huyala mabomba ya chuma taratibu, na mchanga hunywa maji yakiwa bado chini, hivyo usitegemee kuona dimbwi. Tazama pale majani yalipokuwa mabichi peke yake.

Kilichovunjika upande wa barabarani, kabla ya mita, ni cha mamlaka na hakiingii kwenye bili. Baada ya mita ni cha nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Bomba kuzeeka si kosa la mpangaji, isipokuwa kama mpangaji ndiye aliyevunja koki, au aliona uvujaji akanyamaza miezi mitatu. Kwa hiyo pendekezo ambalo mimi ningelipeleka kwa bibi ni hili: wapangaji walipe kwa wastani wa zamani, uniti 24 kati ya 38. Ukichukua 65,000 ukazidisha kwa 24 na kugawa kwa 38, ni kama 41,050. Iliyobaki, kama 23,950, ni ya bomba lake.

Na hiyo 41,050 msigawe kwa kaya. Maji hugawanywa kwa vichwa, kwa sababu ni watu wanaooga, vyumba haviogi. Watu 14, kila mmoja 2,932. Ninyi watatu ni kama 8,800. Kama 8,000 ya mwezi huo ulishatoa, umebakiwa na 800. Tena ni haki biashara ya juisi na barafu ihesabiwe kama vichwa viwili vya nyongeza, na hapo sehemu yako inashuka hadi kama 7,700. Mwambieni jirani kwa upole, mkiwa naye, kabla ya kwenda kwa bibi. Akisikia kwa mtu wa pembeni mmeshampoteza.

Kama mmefunga koki zote, kinyota kimetulia, picha mbili zinafanana, na bado bili ni kubwa, ndipo mita inatiliwa shaka. Kwanza linganisha namba ya leo kwenye mita na namba iliyo kwenye bili. Msoma mita naye ni binadamu, anaweza kuandika 1,450 mahali pa 1,440, na kosa hilo hurekebishwa kwa picha tu. Baada ya hapo mteja anaweza kuomba mita ipimwe. Ulizeni gharama kabla ya kuomba.

Umeme una hesabu yake. Wengi hununua LUKU ya 10,000 mwanzoni mwa mwezi, wakapata uniti pungufu, wakasema wameibiwa. Soma risiti mstari kwa mstari. Bei ya kundi la matumizi ya kawaida, T1, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa umeme na maji) asilimia 1, inafika kama 356, na 10,000 inakupa uniti 28. Lakini ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo, utaratibu ulioanza Agosti 2021. Tangu Julai 2023 ni 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kwa mwezi, kwa hiyo unabaki na 8,500, na uniti zinakuwa kama 23.9. Mkiruka mwezi bila kununua, hujilimbikiza.

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Inapita kwenye LUKU kwa sababu ni rahisi kuikusanya huko, haijawa ya mpangaji kwa kupita kwenye mfuko wake. Tangu mwezi wa tatu hadi wa nane ni miezi sita, 9,000 mliyomlipia bibi. Si nyingi, ila iandikeni, kwa maana katika mazungumzo inasaidia kuonyesha kwamba na ninyi mna cha kudai. Angalieni pia kama kuna mstari wa deni. Mita yenye deni la zamani hukatwa sehemu ya pesa kila mnaponunua, na hilo nalo si la aliyehamia juzi.

Sasa ile 20,000 kwa kila kaya. Mchango wa 100,000 ukitoa kodi ya jengo unanunua kama uniti 276. Ona sehemu yako. Taa mbili za wati 9 kwa saa sita kila usiku, uniti 3 kwa mwezi. Tivii ya wati 60 kwa saa tano kwa siku, 9. Feni ya wati 60 ikizunguka saa tisa, 16. Pasi ya wati 1,000, nusu saa mara tatu kwa wiki, 6 na nusu, au chini kidogo maana hujizima ikipata moto. Simu hata uniti moja hazifiki. Jumla 35 au 36, kama 12,800. Wewe unatoa 20,000.

Friza ya biashara hailinganishwi na friji ya nyumbani. Inatiwa maji ya joto kila asubuhi, mfuniko unafunguliwa na kila mtoto anayekuja kununua barafu, mota haipumziki. Ikiwa ni ya wati 180 na inafanya kazi saa 18 kati ya 24, inakula uniti 3.2 kwa siku, 97 kwa mwezi, kama 34,500, na blenda na taa za vyumba viwili hazijaingia. Anatoa 20,000. Tena hesabu hii ni ya mwezi wa nane, kusi likivuma. Ngojea kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la Tanga unalijua, hapo friza haizimi na feni zenu nazo hazizimi, na 20,000 hazitafika hata tarehe 20.

Simsemi jirani. Amepangiwa 20,000 akatoa 20,000. Kosa ni la kugawa umeme kwa milango. Umeme hugawanywa kwa vifaa au, iliyo bora, kwa mita.

Swali lako la LUKU yako peke yako: kuomba unaweza, kulazimisha huwezi, kwa sababu umeme unavutwa kwenye jengo la mtu na TANESCO, shirika la umeme, watataka ridhaa ya mwenye jengo. Gharama ya kuunganishiwa mjini, mahali pasipohitaji nguzo na ndani ya mita 30, ilirudishwa Januari 2022 kuwa 320,960. Juu yake kuna fundi mwenye leseni, nyaya za chumba chako zitenganishwe na za nyumba, na fomu zake. Kwa chumba cha kupanga miezi sita ni pesa nyingi, na ukihama mita inabaki ukutani.

Hata hivyo iweke akilini, kwa sababu kuna kundi la D1 kwa wateja wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Uniti zako 36 kwa bei hiyo ni kama 4,400. Mita moja ikibeba kaya tano inapita 75 wiki ya kwanza, ndiyo maana nyumba ya kuchangia hailionji kundi hilo. Mita mpya si lazima iwekwe D1, TANESCO hutazama matumizi. Lakini mtu mwenye nia ya kukaa miaka mitatu na bibi aliye tayari kukatiana gharama hiyo kwenye kodi, ana sababu ya kupiga hesabu.

Kwa hali yenu mimi ningechagua mita ndogo. Ni mita ya kawaida ya kusoma, inafungwa baada ya LUKU kwenye laini ya kila kaya, na gharama yake haikaribii ile ya juu. Shida ni nyaya. Nyumba nyingi za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati zilivutwa laini moja inayozunguka chumba hadi chumba, kwa hiyo fundi lazima kwanza avute laini ya kila kaya kutoka kwenye swichi kuu. Hakuna anayeruhusiwa kugusa lakiri ya TANESCO. Kama pesa haitoshi mita tano, anzeni na moja tu, ya laini ya mwenye friza. Hiyo peke yake inamaliza robo tatu ya ugomvi: uniti zake zinajulikana, zilizobaki mnagawana ninyi wanne.

Fundi akishafunga, ipimeni. Kwenye uso wa mita ndogo pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti, mara nyingi 1,000. Zimeni kila kitu kwenye laini hiyo, chomekeni jagi la umeme la wati 2,000, mhesabu mimweko ya taa nyekundu kwa dakika tatu. Inatakiwa iwe kama 100. Ikitoka 90 au 105 msihangaike, umeme wa siku hiyo unaweza kuwa umeshuka au kupanda. Ikitoka 150, rudisheni mita dukani. Kisha someni mita ndogo na LUKU siku moja, saa moja, kila tarehe mosi, mbele ya watu wawili, muandike kwenye daftari la ukumbini. Zidisheni uniti kwa bei iliyo kwenye risiti, kodi ya jengo ikiwa imewekwa kando. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uniti ni mali.

Kuhusu kukatiwa umeme. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo usimtafute mtu wa kupanga bei ya kodi yako. Lakini mpangaji hajaachwa mikono mitupu. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mpangishaji amwache mpangaji aliyelipa kodi akae kwa utulivu. Kukata nyaya za mtu mwenye kodi hai ili alipe deni linalobishaniwa ni kumvurugia utulivu huo. Ikitokea, siku hiyo hiyo piga picha, usijibizane, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mkataba wako, au kama hamkuandikiana, na risiti au ujumbe wa simu wa malipo ya kodi. Ila usirudishe waya mwenyewe na usimwite kijana wa mtaani akuunganishie. Ni hatari ya roho, na kuunganisha umeme kinyemela ni kosa la jinai litakaloifanya kesi yako igeuke iwe yao.

Na wale wanaosema mkate kwenye kodi: kwa kukubaliana, ni njia nzuri kuliko zote. Bila kukubaliana, mnampa bibi sababu ya kusema hamjalipa kodi, na hapo mmeondoka kwenye haki mmeingia kwenye kosa. Wewe una nafasi nyingine. Kodi yako ya miezi sita inaisha mwezi huu. Mtu anayekaribia kutoa kodi mpya husikilizwa kuliko aliyeitoa jana. Malizeni hili kabla hujatoa shilingi ya kipindi kijacho.

Nendeni wapangaji wawili au watatu, si wote kumi na nne, saa kumi jioni bibi akiwa barazani, na mtoto wake awepo ili asione mnamsema nyuma. Maneno yawe kama haya: “Shikamoo bibi. Tumekuja kwa ile bili ya maji. Maji tuliyotumia tunalipa, hatuna ubishi. Tumeona bomba linavuja usiku, hizi hapa picha, tunaomba fundi. Na deni la nyuma tunaomba tuliangalie pamoja kwenye taarifa ya akaunti, ili tujue lilianza lini.” Halafu nyamazeni, mwacheni aseme. Bibi wengi wa aina hii hawajui kabisa kinachoendelea kwenye akaunti zao. Bili huletewa na kijana, na kijana humwambia “wapangaji hawalipi”.

Akikubali, andikeni siku hiyo hiyo, hata kwenye karatasi ya daftari, kwa Kiswahili cha kawaida: deni la hadi tarehe fulani ni la mwenye nyumba, maji yatagawanywa kwa vichwa, umeme kwa mita ndogo, kodi ya jengo inabebwa na mwenye nyumba, uvujaji ukiripotiwa utengenezwe ndani ya siku saba. Sahihi za pande mbili, na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Na kuanzia sasa maji yalipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo iliyo kwenye bili, kwa simu ya mmoja wenu, ujumbe wa malipo ukatumwe kwa bibi na kwa wote. Pesa taslimu mkononi mwa mtu ikome.

Msipoelewana, mwenyekiti wa mtaa ndiye wa kwanza, naye humaliza mengi ya namna hii. Baada yake kuna Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Lina siku 30, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hudai kwanza uthibitisho wake kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa kama siku hizo 30 zimepita bila suluhu, hapo unaweza kufungua shauri hata bila uthibitisho. Kama kinachodaiwa ni fedha tu, mfano michango yenu ya maji isiyofika, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 atakusaidia kuandika malalamiko, na halipishi. EWURA usiiendee kwa ugomvi wako na bibi, haimsimamii yeye. Iendee kama mamlaka ya maji au TANESCO wenyewe wamekosea usomaji au bei, na baada ya kuwalalamikia wao kwanza kwa maandishi.

Yapo mambo yasiyongoja kikao. Swichi kuu ikinuka kuungua, soketi ikiwa ya moto ukiigusa, au bomba la uani likikupiga shoti unapochota, zimeni umeme wa nyumba nzima na muite fundi mwenye leseni siku hiyo, bili baadaye. Friza na kaya tano kwenye laini moja ya zamani ni mzigo mkubwa, na waya haujui nani amelipa.

Na leo jioni, kabla ya yote, kapige picha mita ya maji na mita ya LUKU, tarehe ionekane. Ukija kuhama, piga tena asubuhi ya kutoka, ukiwa na shahidi mmoja, pamoja na zile namba nyekundu.